Mrejesho: picha za nyuki, Unguja

Wakuu, ahsanteni sana. Niliuliza kwa nini picha zangu za nyuki zinatoka na ukungu. Nilifuata ushauri wa kwenda saa moja asubuhi, kabla jua halijawachangamsha, na kuweka kasi ya shata (kipazia cha kamera kinachofunguka kupitisha mwanga) 1/1000 ya sekunde. Pale Jambiani nilikaa chini ya mnazi mfupi uliochanua. Picha moja inaonyesha mpaka chavua ya manjano iliyogandamana kwenye miguu ya nyuma. Nimefurahi mno! Nyingine karibu zote zimeharibika, maana kusi inavuma na maua hayatulii.

Kwenye msitu wa Jozani, kima punju (kima wekundu wa Zanzibar) walikaa karibu kabisa, ila chini ya miti kuna giza. Nilishusha kasi ya shata hadi 1/250 na kupandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 3200. Aliyenishauri niache flashi nyumbani, Mungu akubariki. Hawakushtuka hata kidogo.