Mafuta ya nazi ninayopika nyumbani yanachacha baada ya wiki tatu: ninaomba ushauri kabla ya harusi

Mama Neema, Arusha

Wanajukwaa wenzangu, ninawasalimu. Mimi ni mzaliwa wa Pangani niliyeolewa Arusha, na kila baada ya miezi michache mama yangu hunipakilia gunia la nazi kwenye basi. Tangu mwaka jana nimekuwa nikitenga baadhi ya nazi hizo kwa ajili ya kupika mafuta ya kujipaka, kwa kuwa ngozi ya mwanangu wa pili hukauka na kupasuka wakati wa baridi, na mafuta haya ndiyo pekee yasiyomwasha.

Shida yangu ni kwamba siku ninapoyapika mafuta hunukia vizuri mno, lakini yakifika wiki ya tatu huanza kutoa harufu ya uchachu inayofanana na sabuni kuukuu, na nikiinua chupa kwenye mwanga ninaona utando mweupe chini yake kama maji ya kuoshea mchele. Ninakuna nazi 10, ninakamua tui kwa kitambaa, ninalibandika papo hapo kwenye moto mkali wa gesi, na mafuta yanapoelea ninayaengua na kuyatia yakiwa bado ya moto kwenye chupa za plastiki za maji ya kunywa, kisha ninafunga vifuniko ili vumbi lisiingie.

Jambo la pili limeniumiza zaidi. Mwezi Juni nilimpa jirani yangu chupa moja, naye akanirudishia baada ya siku mbili akiniambia kwa upole kwamba nimechanganya na mafuta ya ng'ombe, kwa sababu yalikuwa yameganda yakawa meupe na magumu. Sikuchanganya chochote.

Mdogo wangu wa mwisho anaolewa baada ya wiki saba, nami nimeahidi kuwaandalia wanawake 12 watakaomsindikiza zawadi ya chupa ya mafuta na kipande cha sabuni, vyote vimetengenezwa kwa mikono yangu. Sabuni sijawahi kuitengeneza. Ninaomba mwenye ujuzi anielekeze, kwani sitaki kumpa mtu zawadi itakayonuka kabla hajaimaliza.

Bibi wa Mwembeni

Mwanangu, mimi nimepika mafuta tangu nikiwa msichana, na kwa maelezo yako hakuna kitu kibaya ulichotia isipokuwa maji. Mafuta yako yana maji ndani yake. Maji hayo ndiyo utando unaouona chini ya chupa, na ndiyo yanayoyachachusha.

Anza na nazi zenyewe. Gunia la kutoka shamba mara nyingi huchanganya nazi zilizokomaa na koroma, na koroma lina maji mengi na mafuta machache, hivyo litenge kwa ajili ya mboga. Nazi ya mafuta ni ile ambayo ganda lake limekuwa la kahawia, ukiitikisa unasikia maji yakicheza ndani, na nyama yake ni nene na ngumu kiasi kwamba mbuzi anaikuna kwa sauti.

Ukishakamua, usilibandike tui jikoni siku hiyo hiyo. Changanya tui la kwanza na la pili katika chombo kirefu, lifunike kwa kitambaa, liache lilale usiku kucha mahali penye baridi, na Arusha baridi unayo ya kutosha. Asubuhi utakuta mtindi mzito umepanda juu na maji ya kijivu yamebaki chini. Engua ule mtindi peke yake ndio upike, na yale maji yamwage. Hapo utakuwa umekwisha kuyaondoa maji mengi kabla hujawasha moto.

Moto uwe mdogo tangu mwanzo hadi mwisho, na masikio yako yawe kwenye sufuria. Mwanzoni utasikia mtokoto mkubwa, kisha vijipovu vidogo vinavyolia tititi kama mvua ya rasharasha juu ya bati, na hayo ni maji yakitoka. Mafuta yatakuwa yanaonekana tayari, na hapa ndipo wengi huharakisha kuyaipua kama unavyofanya wewe. Subiri. Ile sauti itapungua hadi inyamaze kabisa, na makapi yaliyozama chini, ambayo sisi huyaita mashata, yatakuwa na rangi ya dhahabu iliyoiva. Ipua hapo hapo, maana yakiwa meusi mafuta yatanuka moshi.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu kifuniko. Ukifunga mafuta ya moto, mvuke wake hugonga kifuniko, unageuka matone na kudondoka tena ndani, kwa hiyo kazi yote ya kutoa maji unairudisha nyuma kwa mkono wako mwenyewe. Yaache yapoe kabisa yakiwa yamefunikwa kwa kitambaa chepesi tu, yachuje kwa kitambaa kikavu cha pamba, yaache yatulie siku mbili mahali penye joto kidogo ili yasigande, halafu mimina taratibu yale ya juu na kuacha vumbi la chini. Chupa iwe ya kioo, ioshwe kwa maji ya moto na ianikwe juani ikiwa imeinamishwa hadi isibaki hata tone. Weka kabatini, mbali na jua na jiko.

Mkaaji wa Lushoto

Kuhusu kuganda, dada yangu, jirani yako hakukuelewa kwa sababu huenda hajazoea mafuta haya katika nchi ya baridi. Mafuta ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, na huku kwetu milimani, kama ilivyo Arusha mwezi Juni na Julai, yanaweza kuwa magumu asubuhi hadi jioni. Pangani yatabaki maji maji karibu mwaka mzima. Hayajaharibika, na ukiyaweka kwenye bakuli la maji ya vuguvugu hurudi kama yalivyokuwa.

Kama unataka kumtoa shaka, mwombe akunyooshee kiganja na umtilie kipande kidogo cha yale yaliyoganda. Mafuta ya nazi huyeyuka kwa joto la mkono ndani ya muda mfupi, ilhali mafuta ya ng'ombe hubaki yamenata kama nta, kwa kuwa yanahitaji joto kubwa kuliko la ngozi ya mtu. Mimi huwa ninaandika jambo hili kwenye karatasi ndogo ninayoibandika kwenye chupa, pamoja na tarehe ya kupika, kwa sababu nimechoka kulieleza kwa mdomo.

Kijana wa Kihonda

Ndugu, mimi nimeona watu wakitia maji ya limau kwenye mafuta ili yasinuke na yang'arishe ngozi. Je, hilo haliwezi kumsaidia?

Binti wa Vuga, Unguja

Kaka yangu, ninakusihi usilipeleke mbele pendekezo hilo. Kwanza, maji ya limau ni maji, na tumeshaelezwa na Bibi kwamba maji ndiyo adui. Pili, limau na ndimu vikibaki kwenye ngozi kisha mtu akatoka juani, ngozi inaweza kuungua, ikatoa malengelenge na kuacha mabaka meusi yanayokaa wiki nyingi. Nimeliona kwa macho yangu kwenye mikono ya msichana aliyekamua ndimu za sharubati na kukaa uwanjani mchana kutwa, na kwa mtoto mwenye ngozi inayopasuka ingekuwa mateso.

Kama Mama Neema anataka harufu nzuri, atumie maua. Kwetu biharusi hutayarishwa kwa siku kadhaa, anasingwa kwa singo, yaani mchanganyiko wa manukato wa kusugulia mwili, na kipande cha liwa, mti wenye harufu nzuri, husuguliwa juu ya jiwe kwa marashi ya mawaridi hadi kipatikane kitu laini cha kumpaka, kwa hiyo manukato ya mwilini si jambo geni katika harusi zetu. Kwa mafuta, chukua asumini au langilangi, uyatandaze maua kivulini juu ya kitambaa hadi yanyauke na kukauka kabisa, halafu yaloweke katika mafuta yaliyoyeyuka kwa siku tano au sita na uyachuje. Usitie maua mabichi hata kama yananukia zaidi, kwa sababu kila ua bichi limebeba maji yake. Karafuu kavu nazo zinafaa, lakini ni kali, na mimi huweka tano tu katika nusu lita.

Mafuta ya mtoto yabaki bila maua wala karafuu. Na kwa wale wanawake 12, waambie kila mmoja ajaribu tone moja upande wa ndani wa kiwiko na asubiri hadi kesho yake kabla ya kujipaka mwili mzima.

Mchemsha Sabuni

Ninajibu sehemu ya sabuni, na ninaomba uisome mara mbili kabla ya kununua chochote. Sabuni hutengenezwa kwa mafuta, maji na kostiki soda, yaani sodiamu haidroksaidi. Kostiki soda ikigusa ngozi inaunguza, na ikiingia jichoni inaweza kupofusha, kwa hiyo vaa glavu, miwani na nguo ya mikono mirefu, fanyia kazi nje au mbele ya dirisha lililo wazi, na watoto wasiwepo kabisa mahali hapo.

Usitumie sufuria zetu za kawaida. Nyingi ni za alumini, na kostiki soda huila alumini na kutoa gesi inayoweza kuwaka. Tumia chombo cha chuma cha pua au ndoo ya plastiki ngumu, na mwiko wa kukorogea usiutumie tena kwa chakula. Daima mimina kostiki soda kidogo kidogo ndani ya maji baridi, kamwe usimimine maji juu ya kostiki soda, kwani vitaruka. Maji yatapata moto mkali yenyewe, karibu na kuchemka, nawe utayaacha mpaka yawe vuguvugu.

Vipimo vyote ni kwa uzito kwenye mizani ya dijitali, si kwa vikombe. Kilo 1 ya mafuta ya nazi huhitaji karibu gramu 183 za kostiki soda ili mafuta yote yageuke sabuni. Sabuni ya namna hiyo hutoa povu hata kwenye maji ya bahari, lakini hukausha ngozi mno. Kwa kuogea mimi huacha asilimia 20 ya mafuta bila kugeuka, kwa hiyo ninatia gramu 146 za kostiki soda katika gramu 290 za maji. Yeyusha mafuta yawe vuguvugu, mimina yale maji humo, koroga bila kuchoka mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji wa mtoto, kiasi kwamba tone likidondoka juu linaacha alama, halafu mimina kwenye boksi ulilotandika karatasi ya nailoni. Sabuni ya nazi hukaza haraka. Ukiimimina asubuhi, ikate mara inapokuwa ngumu, maana ukiiacha hadi kesho itapasukapasuka kwenye kisu.

Kisha ipange mahali penye hewa kwa wiki nne au zaidi kabla ya mtu kuoga nayo. Wewe una wiki saba, kwa hiyo ni lazima uwe umeitengeneza ndani ya wiki mbili hizi. Ukiweza, tafuta kwanza mafunzo ya ana kwa ana, kwani SIDO, yaani Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, hufundisha utengenezaji wa sabuni na ni vyema kumtazama mtu akikoroga kabla hujakoroga peke yako.

Mafuta yaliyochacha usiyatumie kwa zawadi. Yachuje na uyahifadhi kwa sabuni ya kufulia.

Fundi Vifuu, Mombasa

Mama Neema, kwa kuwa utakuwa umevunja nazi nyingi, vifuu usivitupe. Sabuni yenye mafuta ya ziada hulainika upesi ikikaa kwenye maji, na kifuu ni kisahani kizuri cha kuiwekea. Kata nusu yenye macho kwa msumeno wa chuma, kwangua nyuzi za nje kwa kipande cha kioo, piga msasa mkavu wa kukwaruza kisha laini, halafu toboa macho yote matatu ili maji yapite. Kipake mafuta yako hayo hayo mara mbili na ukisugue kwa kitambaa, nawe utaona rangi ya kahawia inakoza na mistari ya kifuu inajitokeza. Kikalishe juu ya pete ya ukindu uliosukwa ili kisibingirike.

Mama Neema, Arusha

Bibi, shikamoo. Ninarudi baada ya siku 11. Nimefuata maneno yako kama yalivyo, nikaliacha tui lilale, na asubuhi ule mtindi ulikuwa umekaza hivi kwamba niliuinua kwa upawa kama siagi. Nilikaa jikoni nikisikiliza mpaka ile tititi ikanyamaza, na ilichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani. Mafuta ni meupe safi na chini ya chupa hakuna utando. Jirani yangu ameyayeyusha kiganjani mwake mwenyewe, ameniomba radhi, na amechukua chupa mbili.

Sabuni nimeitengeneza juzi nikisimamiwa na mama mmoja mwenye uzoefu, kwa vipimo vile vile vya gramu 146. Vipande 14 vipo kwenye rafu, vimeandikwa tarehe. Nimebakiwa na swali moja: chicha, yaani makapi ya nazi iliyokamuliwa, na mashata ninayafanyia nini?

Bibi wa Mwembeni

Marahaba, mwanangu. Mashata yachanganye na sukari kidogo uwape watoto yakiwa bado ya moto, ni matamu sana. Chicha ianike, na inayofaa kusugulia miguu weka kwenye kopo, inayobaki wape kuku. Na mwambie mama yako achambue koroma kabla ya kufunga gunia.