Naomba ushauri: kukusanya mafuta machafu ya chipsi yakatengenezwe mafuta ya ndege

Wakuu habari zenu, mi niko Sinza hapa Dar, nina mtaji kidogo nataka nianze kukusanya mafuta yaliyokwisha kaangiwa toka kwa wauza chipsi na mahoteli, maana Ulaya tangu 2025 mafuta ya ndege lazima yachanganywe asilimia 2 ya yale endelevu (yasiyotokana na petroli ya kuchimbwa) na 2030 inapanda mpaka 6, na haya machafu ndo malighafi wanayoitafuta. Ila mbono (jatropha, ule mmea wa kutengenezea dizeli) tuliimbiwa hivi hivi, Kisarawe na Kilwa wawekezaji wakasepa. Halafu wauza chipsi wenyewe hawamwagi, wanaongezea tu juu 😂 Kibali naanzia NEMC (baraza la mazingira) au manispaa? Na nimuuzie mwenye kontena anayesafirisha nje au nitafute mnunuzi wa nje mwenyewe?