Tupeane uzoefu: wiki ya kwanza ya lenzi za macho Nairobi

Wa Umoja
Wageni wa lenzi huogopa kidole kuingia jichoni. Kinachowasumbua baadaye huwa ni maji na vumbi. Tuwawekee hapa yale wasiyoambiwa dukani.

Naanza na karatasi. Karatasi ya vipimo vya miwani haitoshi kununulia lenzi. Kioo cha miwani hukaa kama milimita 12 mbele ya jicho, lenzi hukaa juu ya jicho lenyewe, kwa hiyo nguvu ikizidi 4.00 hesabu hubadilika: mwenye miwani ya -5.00 mara nyingi hupewa lenzi ya -4.75. Kuna pia BC, yaani mpindo wa lenzi, ambao kwa lenzi laini nyingi ni kati ya 8.4 na 8.8. Mpindo usipokubaliana na jicho lako, lenzi itateleza kila ukipepesa, au itabana hadi jioni jicho liwe jekundu. Dai karatasi ya lenzi, kila jicho na namba zake.

Mama Pilipili
Nawa kwa sabuni isiyo na mafuta wala manukato, ujikaushe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Taulo mpya ni adui. Anza na jicho la kulia kila siku, hutazichanganya.

Iweke lenzi kwenye ncha ya kidole cha shahada, uitazame ubavuni. Ikikaa kama bakuli, iko sawa. Ukingo ukitawanyika nje kama sahani, imegeuka. Haitakudhuru, ila itakukera na haitatulia. Kidole kiwe kikavu, la sivyo lenzi itang'ang'ania kidole badala ya jicho. Inua kope la juu kwa mkono wa pili, ulishike pale nywele zinapoota. Weka lenzi, angalia chini, achilia kope polepole. Ukifumba kwa nguvu inatoka.

Kutoa: angalia juu, itelezeshe lenzi hadi kwenye weupe wa jicho, uibane kwa nyama ya vidole, si kucha. Na siku ya kukata pilipili, itoe kabla hujagusa kisu.

Rongai Usiku
Mama kamaliza. Niongeze saa tu: siku ya kwanza zivae kwa muda wa saa 4, kisha ongeza saa moja au mbili kila siku hadi ufike saa 10 au 12 kwa siku. Kuhisi kama unywele umeingia jichoni ni kawaida kwa dakika chache. Kuumwa si kawaida.

Kwenye boda funga kioo cha helmeti, kwenye matatu usikae upande wa dirisha lililo wazi. Januari na Februari, hewa ikikauka, beba matone yaliyoandikwa kwamba yanafaa na lenzi. Yale ya kuondoa wekundu, achana nayo. Lenzi ikikauka, tone moja, subiri dakika chache ndipo uitoe. Na haiwezi kupotelea nyuma ya jicho, utando umeziba njia. Itakuwa imejificha chini ya kope la juu.

Fundi wa Kikopo
Sasa maji. Mtaani tunaishi kwa mgao, maji yanatoka tangini au kwenye mtungi. Hata ya bomba yaweza kuwa na Acanthamoeba, kijidudu kinachopenda kung'ang'ania lenzi na kula konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho. Kwa hiyo lenzi isiguse maji yoyote, hata ya chupa, hata mate. Usiogelee wala kuoga nayo.

Kila jioni: lenzi kiganjani, matone ya dawa ya lenzi, sugua kama sekunde 20, suuza kwa dawa hiyohiyo, loweka angalau saa 6 au kama chupa inavyoagiza. Ya jana mwaga. Kuongezea juu ya ya jana ndiyo kosa kubwa, dawa iliyotumika imeishiwa nguvu. Maji ya chumvi ya dukani husuuza tu, hayaui vijidudu. Kikopo cha kuhifadhia lenzi kikaushe kikiwa kimeinamishwa, ukibadilishe kila miezi 3. Lenzi ya kutumia mwezi mmoja huhesabiwa tangu ulipoifungua, hata kama umeivaa mara nne.

Wa Umoja
Ndiyo maana Fundi, kwa anayevaa Jumapili na harusi tu, mimi naona za siku moja ni nafuu. Hakuna kikopo, hakuna dawa. Bei ya boksi inadanganya.

Mama Pilipili
Na hizo za rangi za maduka ya vipodozi, zisizopimwa? La.

Rongai Usiku
Jicho likiuma, likiwa jekundu, likikimbia mwanga au ukiona ukungu, toa lenzi siku hiyohiyo uende kwa daktari wa macho. Usiitupe, ipeleke kwenye kikopo ipimwe. Wala usinunue matone ya steroidi ukiwa njiani: hutuliza wekundu huku kidonda kikizidi kuchimba.