V-Strom 650, Transalp 700 au F650GS iliyotumika: ipi ya kubebea hema?

Hema_Begani

Wakuu, salaam. Natafuta pikipiki iliyotumika kwa ajili ya safari za kupiga kambi. Nipo Arusha. Njia zangu ni Lushoto na milima ya Usambara, Natron kupitia Engaruka, na safari ndefu ya lami Babati–Dodoma–Iringa hadi Mbeya. Napanda peke yangu, kilo 78, urefu sentimita 170. Mzigo ni hema, godoro la kupuliza, jiko dogo la gesi, maji lita tano na nguo za siku nne. Madalali wamenionyesha tatu:

Suzuki V-Strom 650 ya 2009, km 61,000.
Honda Transalp XL700V ya 2008, km 48,000.
BMW F650GS ya 2004, ile ya silinda moja, km 39,000. Hii ndiyo ya bei ya chini.

Bajeti inatosha yoyote kati ya hizo, na kidogo kinabaki cha matengenezo. Mngechukua ipi, na kwenye kukagua nianzie wapi?

SpanaKumi

Mkuu, zote tatu zinafaa. Kinachozitofautisha ni uzito, matairi na mafuta.

Uzito kwanza. Zikiwa na mafuta kamili, V-Strom inakaribia kilo 220, Transalp kama 214, BMW kama 193. Ongeza mabegi kilo 30, halafu fikiria kuiinua peke yako ikilalia kwenye mchanga wa Engaruka. Kiti cha V-Strom kina urefu wa milimita 820, Transalp 841, BMW 780. Kwa sentimita zako 170, BMW utakanyaga chini kwa nyayo zote, Transalp kwa vidole.

Matairi ndiyo watu wanayasahau. V-Strom ina rimu za kumwaga (kipande kimoja, bila spoki) na tairi tyubulesi, yaani zisizo na tyubu: 110/80 ya 19 mbele, 150/70 ya 17 nyuma. Msumari ukiingia unaziba kwa utambi wa mpira, unajaza upepo, unaondoka bila kufungua gurudumu. Transalp na BMW zina spoki na tyubu, zote mbili 100/90 ya 19 na 130/80 ya 17. Pancha hapo ni kufungua ekseli, kutoa tairi, kubadili tyubu. Uwe na pao mbili za kubandulia tairi, tyubu ya mbele na ya nyuma, na pampu. Ila spoki zikipigwa na jiwe fundi ananyoosha, wakati rimu ya kumwaga ikipata ufa ni ya kutupa.

Mafuta: V-Strom ya mwaka huo ina tangi la lita 22, Transalp lita 17.5, BMW lita 17.3. V-Strom ikiwa na mzigo hesabu km 18 hadi 20 kwa lita, Transalp hivyo hivyo. BMW inafika 24 ukienda kistaarabu, kwa hiyo tangi lake dogo linakufikisha karibu sawa na la V-Strom. Mto wa Mbu hadi Ngare Sero, kijiji cha pale Natron, na kurudi ni kama km 240, na njia ya mchanga inakula zaidi ya lami. Jaza Mto wa Mbu, usitegemee mafuta ya chupa huko mbele. Halafu usipange kukatiza Ngorongoro wala Serengeti, pikipiki haziruhusiwi.

Kama nusu ya safari zako ni lami, mimi ni V-Strom. Kama Natron ndiyo kila mara, BMW, mradi ipite ukaguzi.

Mzee wa Gasketi

Nikazie hapo kwenye ukaguzi, maana hali ya pikipiki ni kubwa kuliko jina lake.

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika shika ekzosi kwa mkono. Ikiwa ya moto, kuna kitu cha kuwaka kwa shida anakificha. Rudi kesho yake.

Kwa BMW angalia vitu vitatu. Cha kwanza ni pampu ya maji upande wa kulia wa injini. Chini yake kuna tundu dogo lililowekwa makusudi: sili za ndani zikichoka, maji ya rejeta au oili hutokea hapo. Ukiona alama ya unyevu au chumvi nyeupe, unabadili shafti ya pampu pamoja na sili zake zote mbili, si sili peke yake, kwa sababu shafti ikishalika inakula na sili mpya. Cha pili ni oili. Injini hii inaweka oili kwenye tangi la pembeni, na kipimo kinasomwa injini ikiwa ya moto kweli. Ikisomwa baridi inaonekana imepungua, mtu anaongeza, na ya ziada inaishia kwenye boksi la filta ya hewa. Fungua boksi hilo. Ukikuta oili imetuama, aliyekuwa anaihudumia hakuijua. Cha tatu ni beringi za usukani. Inua gurudumu la mbele, zungusha usukani polepole kwa kidole kimoja. Ikigota katikati, beringi zimechimbika.

V-Strom ya 2007 kuendelea ina plagi mbili kila silinda, jumla nne. Za silinda ya mbele zimekaa nyuma ya rejeta na hupata maji yanayorushwa na tairi. Kuna kitundu cha kutolea maji pembeni ya silinda, kikizibwa na tope shimo la plagi linajaa na injini inakohoa mvua ikinyesha. Zibua kwa waya mwembamba. Filta ya oili nayo iko wazi mbele, nyuma tu ya tairi. Bila bamba la chuma la chini usiipeleke kwenye mawe.

Yoyote utakayochagua, shika cheni nyuma kabisa ya sproketi kubwa uivute kuelekea nyuma. Ikiachia ukaona nusu ya jino, andika gharama ya seti nzima, cheni na sproketi zote mbili. Tairi lina tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likizidi miaka sita, hata kama kashata (meno ya tairi) zimejaa, mpira umekauka. Diski ya breki ina unene wa chini umeandikwa juu yake, pima. Chungulia chini ya kiti pale keria inapofungwa: rangi iliyopasuka kwenye maungio ya kuchomelea maana yake fremu ya nyuma imebebeshwa kupita kiasi. Mwisho, namba ya chasisi na ya injini zisomwe kwenye chuma chenyewe, si kwenye picha, na zilingane na kadi ya TRA.

Vumbi_Jekundu

Kwa Natron hizo zote ni mizigo. Honda CRF250L ingekutosha, ila tangi lake ni lita 7.7, utafunga dumu. Mbeya nayo utachoka.

Kuhusu mzigo: vizito viwe chini na mbele ya ekseli ya nyuma, yaani maji na spana kwenye mabegi ya pembeni, hema na godoro juu ya kiti. Boksi la juu ya keria aghalabu linaruhusiwa kilo 10 tu, na liko nyuma ya ekseli, ndilo linalofanya usukani utikisike. Kwa BMW kuna la ziada: tangi liko chini ya kiti na mfuniko uko ubavuni kulia. Ukifunga mabegi ya kitambaa vibaya, kila kituo cha mafuta unafungua mzigo mzima.

Kaza springi ya nyuma kabla ya safari. V-Strom ina kirungu cha pembeni cha kuzungusha kwa mkono. Ukikaa na mzigo wote, nyuma ishuke kama theluthi ya mwendo wa shokapu, kwa hiyo karibu milimita 50 kati ya 150. Upepo wa tairi kwa lami na mzigo: psi 33 mbele, 41 nyuma. Kwenye mchanga shusha hadi 25, na usisahau kujaza tena.

Hema_Begani

Asanteni wakuu. BMW ina unyevu kwenye lile tundu. Transalp kadi na chasisi havilingani, nimeachana nayo. V-Strom iliwaka baridi vizuri, ila betri ikiwa imetulia ni volti 12.5, na injini kwenye mizunguko 5,000 ni 13.1 tu. Muuzaji anasema betri imechoka.

Mzee wa Gasketi

Betri mpya haitabadilisha hiyo 13.1 mkuu. Injini ikizunguka hivyo ilitakiwa iwe karibu 14 au zaidi. Fuata nyaya tatu zinazotoka kwenye koili ya kuchaji kwenda rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa koili uweze kuchaji betri), fungua soketi yake. Kwanza itazame: ikiwa imeungua rangi ya kahawia, huenda tatizo ni hapo hapo. Ikiwa safi, weka mita ya umeme kwenye volti za AC, injini mizunguko 5,000, pima nyaya mbili mbili. Jozi zote tatu zitoe karibu volti 60 au zaidi na zilingane. Halafu zima injini, pima kila waya na bodi (chuma cha injini): pasiwe na mawasiliano kabisa.

Koili ikiwa nzima, badili rektifaya, ni boliti mbili na soketi. Jozi moja ikiwa chini au waya ukigusa bodi, koili imeungua: ni kufungua kava la kushoto, hivyo weka kwenye hesabu gasketi mpya na oili. Punguza bei kwa kiasi hicho kabla ya kutoa hela, na ukiwa unaagiza hiyo spea agiza na kebo ya klachi ya akiba, uifunge sambamba na iliyopo.