Mrejesho: Kamati ya fedha za sanaa skuli

Assalamu alaykum. Niliwauliza kama nijitolee kwenye kamati ya wananchi inayofuatilia fedha za masomo ya sanaa katika skuli zetu hapa Wete, Pemba. Nimeingia, na nimefurahi.

Kazi kubwa si vikao, ni kulinganisha stakabadhi na vitu vyenyewe: udi (ile ala ya nyuzi ya taarab) uliolipiwa uko wapi, na nani anaupiga? Aliyenishauri niulizie matengenezo, Mungu akulipe. Ganuni, ala nyingine ya taarab, ina nyuzi zaidi ya 70, zinakatika, na bajeti ilinunua ala bila hata uzi mmoja wa akiba! Tukaomba mafungu mawili, la nyuzi na la posho ya mwalimu. La nyuzi limepita. La mwalimu bado, nalo ndilo linaloniuma, maana watoto wanakuja kila Alkhamisi wakimsubiri.