Umeme ni asilimia 90 safi, lakini maziwa yetu yanapozwa kwa dizeli: hesabu hii hufanyiwa wapi?

Wanajukwaa, hamjambo. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha, ingawa nitajitahidi kupanga maneno ili asitokee mtu wa kuniambia kwamba nimekurupuka.

Mimi ni katibu wa kikundi kidogo cha wafugaji upande wa Bahati, kaunti ya Nakuru. Tuna kituo cha kukusanyia maziwa chenye tangi moja la kupozea, mita ya fezi tatu (yaani nyaya tatu zinazoleta umeme), na jenereta ambayo awali tuliinunua kwa ajili ya dharura lakini sasa ni mfanyakazi wa kudumu. Wiki iliyopita, maziwa ya jioni yakiwa ndiyo kwanza yamemiminwa, bado yana joto la ng'ombe, taa zilififia hadi zikawa na rangi ya chungwa. Kompresa ikaanza kunguruma pasipo kuwaka, na kijana wa zamu akaruka kuzima swichi kuu, kwa sababu anajua fezi moja ikikatika kwenye transfoma, zile mbili zinazobaki huunguza mota. Kifaa cha kulinda mota tulikuwa nacho, nacho kiliungua siku stima iliporudi kwa kishindo, kwa hiyo msipoteze nafasi kunishauri nikinunue. Tukawasha jenereta. Dizeli ikaisha usiku wa manane wakati kituo cha mafuta cha karibu kimeshafungwa, na alfajiri kipimajoto cha tangi kilikuwa kinasoma nyuzi 17 pale ambapo kingepaswa kusoma 4. Dereva wa lori la kiwandani akachanganya maziwa na alkoholi katika kijichupa chake, akakitikisa, akakiinua kwenye mwanga ili sote tuone chembechembe zilizoganda pembeni, kisha akafunga kitabu chake na kuondoka bila kusema neno. Tangi zima likamwagwa.

Sasa sikilizeni kilichonifanya niandike. Kabla hata hatujamaliza kuosha tangi, simu yangu ilipokea ujumbe kutoka kwa kampuni inayotuuzia umeme, ukinijulisha kwamba tatizo nililoripoti limetatuliwa na kunishukuru kwa uvumilivu. Fezi ile ilikuwa bado imekufa, na fundi hakuwa amefika. Mtu fulani, ofisini, alikuwa amefunga faili langu ili takwimu zake za mwezi zipendeze, na ndipo nikaelewa kwamba takwimu zote tunazosomewa kuhusu kawi safi zina ugonjwa uleule.

Kila kiongozi wa Kenya anayepanda jukwaani nje ya nchi husema kwamba karibu asilimia 90 ya umeme wetu hutokana na jotoardhi, maji, upepo na jua. Ni kweli, na sitaki kuwa mtu wa kupinga kila kitu. Olkaria, eneo la visima vya jotoardhi katika kaunti hii, ilianza mwaka 1981 kwa mtambo mmoja wa megawati 15, na kufikia mwaka 2014 mtambo wa Olkaria IV peke yake ulikuwa unazalisha 140. Jotoardhi leo ndilo tegemeo kubwa kuliko vyanzo vyote katika gridi ya taifa, na karibu lote linatoka katika kaunti hii yetu. Hapa Menengai, ambako uchimbaji ulianza mwaka 2011, mtambo wa kwanza wa megawati 35 ulianza kazi mwaka 2023, na mingine miwili ya ukubwa huohuo ilipangwa kuufuata. Hayo ni maendeleo, na Mkenya yeyote ana haki ya kujivunia.

Lakini asilimia 90 hiyo hupimwa pale umeme unapotoka mtamboni. Hakuna anayeipima kwenye ukuta wa kituo changu. Lita za dizeli ninazochoma hazimo katika hesabu hiyo, wala za kinyozi, za mwenye duka la nyama, za hospitali, za fundi wa kuchomelea vyuma. Makaa na kuni zinazopikia jioni nzima pale stima inapopotea hazimo vilevile. Kwa hiyo taifa linasafisha hesabu yake kwa kuhamishia moshi kwangu, kisha linakwenda kwenye mikutano ya tabianchi kupigiwa makofi.

Na mafuta hayo tunayalipia mara mbili. Jioni mahitaji yanapopanda, mitambo ya mafuta huwashwa kusaidia gridi, na gharama yake huwekwa katika kila yuniti tunayonunua, jambo analoweza kuliona yeyote anayesoma ujumbe wa tokeni hadi mwisho badala ya kunakili tarakimu tu. Halafu umeme huohuo niliokwisha kuulipia mafuta haupo, nabeba mtungi hadi kituo cha mafuta, nanunua dizeli ambayo tangu Julai 2024 hukatwa shilingi 25 kwa kila lita kwa ajili ya matengenezo ya barabara. Jenereta yangu imefungwa kwa boliti kwenye sakafu ya saruji. Ningependa kujua ni barabara gani inayoiharibu.

Kinachouma zaidi ni kwamba umeme wenyewe hukosa mtumiaji saa nyingine. Usiku wa manane, nchi inapolala, mvuke wa visima huachiliwa hewani kwa kuwa mahitaji yameshuka, ilhali Rais mwenyewe amekiri hadharani kwamba kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku kuna maeneo hulazimika kukatiwa. Tunao mwingi saa tusiyouhitaji na mchache saa tunayouhitaji, na njia za kuufikisha ni nyembamba. Watu wa Kisumu, Siaya na Kakamega wanaujua wimbo huu kuliko sisi, maana kwa miaka mingi mtambo wa Muhoroni umekuwa ukichoma mafuta ili kushikilia nguvu ya umeme upande wa magharibi, kwa sababu laini ya kutoka Olkaria kupitia Lessos hadi Kisumu ilichelewa kupita kiasi.

Kuhusu laini, mtakumbuka mkataba wa kampuni ya Adani ya India wa kujenga laini za kusafirisha umeme, ambao Rais aliuvunja mwezi Novemba 2024. Mimi sikuulilia, kwa namna ulivyoingiwa. Ila ni wangapi walitazama laini zilizokuwa ndani yake? Gilgil hadi Konza kupitia Thika; Rongai hadi Chemosit kupitia Keringet; Menengai hadi Rumuruti kupitia Ol Kalou. Zote tatu zinaanzia Nakuru. Mkataba ulikufa, na hiyo ni sawa, lakini hitaji halikufa pamoja nao, na mwananchi wa kawaida hajaelezwa kwa lugha anayoielewa ni nani atakayezijenga na lini.

Hata hivyo, nisiwatupie lawama watu wa nyaya kubwa peke yao, kwa sababu kwetu ugonjwa uko katika zile kilomita chache za mwisho. Mwaka 2015 serikali ilishusha ada ya kuunganishiwa stima kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 kwa walio ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma, na nyumba nyingi zikapata mwanga kwa mara ya kwanza. Jambo jema. Ila pale kwetu transfoma ni ileile, nguzo ni zilezile, baadhi zimeinama kama wazee wanaotafuta sindano, na waya uliowekwa kwa ajili ya nyumba chache sasa unabeba kijiji kizima pamoja na posho mill mbili. Huwezi kuhesabu waliounganishwa ukaacha kuhesabu saa wanazokaa gizani.

Halafu kuna mrabaha, yaani malipo yanayotolewa na wanaochimba jotoardhi. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inasema mrabaha wa jotoardhi ugawanywe: serikali kuu asilimia 75, kaunti asilimia 20, na jamii ya eneo husika asilimia 5 kupitia mfuko wa amana. Nimeuliza katika vikao viwili vya umma mfuko huo kwa upande wetu uko wapi, wadhamini wake ni akina nani, na kama umeshapokea chochote. Mara zote niliambiwa suala langu ni zuri na limenukuliwa. Wakati huohuo, wageni hupelekwa Menengai kuonyeshwa jinsi joto la visima linavyoweza kuchemsha na kusafisha maziwa, mradi wa majaribio ambao kwa kweli ni mzuri sana. Mzee mmoja wa kikundi chetu aliporudi kutoka ziara hiyo alisema, “Katibu, kumbe maziwa ya maonyesho ndiyo yenye stima.” Sikuwa na la kumjibu.

Madai yangu si makubwa. Kampuni itangaze kila mwezi, laini kwa laini, saa ambazo umeme ulikatika na muda uliochukua kurudi, na faili la malalamiko lisifungwe hadi mteja mwenyewe athibitishe. Kaunti iseme fedha za mrabaha zimefika au hazijafika. Wizara ya Kawi nayo, inapotangaza asilimia yake, iweke kando yake makadirio ya mafuta yanayochomwa na majenereta ya wananchi.

Ninakusanya ushahidi ili nipeleke malalamiko ya pamoja kwa mamlaka ya udhibiti, EPRA. Mlioko Njoro, Molo, Subukia, Solai, na hata ninyi wa Ahero na Muhoroni, andikeni hapa chini eneo lenu, saa stima ilipopotea na saa iliporudi. Nataka saa ambayo taa ziliwaka kwenu, ile ya kwenye ujumbe wa simu msiniandikie.