Mrejesho: laptopu iliyogoma kuwaka baada ya kupandisha Ubuntu

Wakuu, nimerudi. Ile laptopu niliyoiombea msaada hapa, niliyoitoa Ubuntu (mfumo endeshi wa Linux) 22.04 kwenda 24.04 ikawa inaishia kwenye "kernel panic" (mfumo unakwama kwa kosa kubwa wakati wa kuwaka), imepona. Aliyesema nicheki nafasi ya /boot (sehemu ya diski yenye mafaili ya kuwashia mfumo) alilenga palepale. Niliingia kwa kerneli (kiini cha mfumo) ya zamani kupitia menyu ya GRUB, ile programu ya kuchagua cha kuwasha, nikaandika `df -h /boot` kuona nafasi: imejaa 100%! Kerneli kuukuu zimerundikana, mwenyewe sijawahi kufagia, ndiyo maana ile mpya ilikosa initramfs yake (faili linaloisaidia kerneli kuanza kuwaka). Nikapiga `sudo apt autoremove --purge` kufuta kerneli kuukuu, halafu `sudo update-initramfs -c -k all` kutengeneza initramfs na `sudo update-grub` kusasisha menyu. Ikawaka.

Na wewe uliyenishauri nifute diski nzima, samahani mkuu, picha za harusi zimo humo! Sauti bado inakwaruza, napambana nayo.